Mwenye Haki na Mnyama Wake Aliyezeeka

SOMO LA 8

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mithali 12:10, Mithali 27:23, Mwanzo 33:12–14, Kumbukumbu la Torati 5:12–15, Kumbukumbu la Torati 25:4, Luka 13:15, Hesabu 22:21–33, 2 Samweli 12:1–4, Isaya 46:1–4, Warumi 8:19–23.

Fungu la Kukariri: Mithali 12:10. Likariri kutoka katika Biblia inayosomwa nyumbani kwako, na uwasaidie watoto walikariri pia.

Mvua za kwanza zikinyesha mkoani Simiyu, maksai hutoka zizini kabla ya jua kuchomoza. Wakulima wengi wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega hulima pamba, mahindi na mtama kwa jembe la kukokotwa na ng'ombe. Nira ikikaa sawasawa shingoni mwa maksai wawili, familia inaanza kuwa na tumaini kwamba mwaka huu itakula. Sare za shule, bati la nyumba, dawa za mgonjwa, hata zaka na sadaka inayoletwa kanisani: mengi kati ya hayo yamepitia shingoni mwa mnyama.

Lakini maksai huzeeka. Huzeeka pia punda aliyebeba madumu ya maji miaka kumi, na mbwa aliyelinda mji usiku na kufuatana na wachungaji mchana. Siku inafika ambapo mnyama anahitaji kupewa zaidi ya kile anachoweza kutoa. Alikuwa akitutunza, sasa anatutegemea tumtunze.

Hapo ndipo lilipo swali la juma hili: Mwenye haki anamtendeaje mnyama ambaye hana tena faida kwake? Wengine watasema swali hili ni dogo mno kwa Shule ya Sabato. Hata hivyo Mungu ameliweka ndani ya torati, ndani ya Mithali, na ndani ya amri ya Sabato yenyewe. Hatutafundishwa kumfanya mnyama kuwa mtu. Tutafundishwa kuwapo karibu naye kwa macho yanayoona na moyo unaokumbuka, hasa katika siku zake za mwisho.

Jifunze somo la juma hili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.

JUMAPILI

Kuijua Nafsi ya Mnyama

Soma Mithali 12:10 na Mithali 27:23. Je, mafungu haya yanadai nini kwa mtu mwenye mifugo, zaidi ya kuwapa wanyama wake chakula?

Katika Kiebrania, neno linalotumika katika Mithali 12:10 ni lile la kujua. Mwenye haki anaijua nafsi ya mnyama wake. Neno hilohilo linarudi katika Mithali 27:23, ambapo mwenye kundi anaagizwa azijue vizuri hali za mifugo yake. Kiebrania kinataja nyuso zao. Mtu anaweza kuwa na ng'ombe mia moja na asijue uso wa hata mmoja. Anajua idadi, anajua bei ya mnadani, lakini hajui ni yupi ameanza kubaki nyuma wakati wa kurudi kutoka malishoni.

Namna hii ya kusema inapatikana pia katika Kutoka 23:9. Pale Mungu anawakumbusha Waisraeli kwamba wanaijua nafsi ya mgeni, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Kuijua nafsi ya mwingine ni kufahamu mambo yalivyo kutoka upande wake. Hiyo ndiyo kazi ambayo Mithali inampa mwenye haki mbele ya mnyama wake.

Fikiria maksai mzee. Ng'ombe hana meno ya mbele katika taya la juu. Hukata majani kwa msaada wa meno manane ya taya la chini. Akifikisha umri wa miaka mitano hivi, meno yote ya utu uzima yameshaota, na tangu hapo yanaendelea kusagika mwaka hadi mwaka. Maksai wa namna hii anaweza kushinda malishoni na kurudi na njaa, kwa kuwa majani mafupi ya kiangazi hayashikiki tena. Anayemtazama kwa mbali atasema amekuwa mvivu. Anayemjua atamfungua kinywa aone. Baada ya hapo atamtengea pumba, majani laini, au mashudu ya pamba kidogo, na kumlisha peke yake ili wenye nguvu wasimnyang'anye.

Ndivyo ilivyo kwa punda anayetafuna kisha kuangusha mabonge ya majani. Huenda meno yake ya nyuma yana ncha kali zinazomchoma mashavu. Ndivyo ilivyo kwa mbwa anayeitwa asije. Kabla hujamrushia jiwe, piga kofi nyuma yake uone kama anasikia. Mbwa wengi wakizeeka masikio huwa mazito na macho hupata ukungu. Mbwa kiziwi akiguswa ghafla usingizini anaweza kuuma kwa kushtuka, si kwa ubaya. Mkaribie kutoka mbele, au ukanyage chini kwa kishindo ili ahisi kwamba kuna mtu anakuja.

Yesu alisema kwamba hata shomoro mmoja haanguki chini pasipo Baba kujua (Mathayo 10:29). Kuangalia namna hiyo ndiko Mungu anakotufundisha tukiwa zizini.

Taja mnyama mmoja wa nyumbani kwako aliyezeeka. Je, unaweza kueleza jinsi alivyokula, alivyotembea na alivyolala jana? Kama huwezi, nini kimekuzuia kumwona?

JUMATATU

Mwendo wa Wanyonge

Soma Mwanzo 33:12–14. Kwa nini Yakobo hakukubali kusafiri kwa mwendo wa Esau?

Esau alikuja na watu mia nne, wenye nguvu na haraka. Baada ya kupatana na ndugu yake, alitaka waongozane. Yakobo alimjibu kwa heshima, akamwita bwana wake, lakini hakukubali. Alieleza kwamba watoto ni dhaifu, na kwamba katika kundi wamo wanyama wanaonyonyesha. Wakiswagwa kwa haraka siku moja tu, kundi lote litakufa. Kwa hiyo aliamua kwenda polepole, kwa kadiri ya mwendo wa mifugo iliyo mbele yake na kwa kadiri ya mwendo wa watoto.

Yakobo hakuwaacha wanyonge nyuma ili wenye nguvu wawahi. Mwendo wa msafara mzima ulipimwa kwa miguu ya aliye dhaifu kuliko wote. Tena aliwataja watoto na mifugo kwa pumzi moja, kwa kuwa aliyejifunza kumsubiri mmoja hatashindwa kumsubiri mwingine.

Wasukuma wanalijua jambo hili. Kwa vizazi vingi wamekuwa na ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani yakue na kusimama, kisha hufunguliwa kiangazi kinapobana. Kundi kubwa linapopelekwa mbali kutafuta majani na maji, ngitili iliyo karibu na nyumbani huwasaidia wasioweza kwenda: ndama, wagonjwa, maksai wa kulimia, na ng'ombe wazee. Wazee waliotenga ngitili walitambua mapema kwamba wapo ambao hawatauweza mwendo wa kundi, nao wakawawekea nafasi kabla shida haijafika.

Miti ilipokatwa na ardhi kuchoka, ngitili nyingi zilipotea. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Wakati huo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Mradi ule uliwatia moyo wananchi kurudisha ngitili, na ardhi iliyokuwa tupu ikaanza tena kuota miti na majani.

Kwa nini tunalitaja jambo hili katika Shule ya Sabato? Kwa sababu huruma inahitaji maandalizi. Mtu anaweza kumhurumia sana ng'ombe wake mzee mwezi wa tisa, wakati ardhi imekauka kabisa, lakini kama hakutenga majani mwezi wa tatu, huruma yake haitamshibisha. Yakobo aliipanga safari yake akijua ni nani waliomo ndani yake. Nasi yatupasa kuyapanga malisho, maji na kivuli tukijua kwamba wapo watakaozeeka.

Katika familia yako na kanisani kwako, ni nani anayeamua mwendo: mwenye nguvu kuliko wote au aliye dhaifu kuliko wote? Ni nani anayebaki nyuma kwa sababu hiyo?

JUMANNE

Amri ya Nne Ndani ya Zizi

Soma Kumbukumbu la Torati 5:12–15, Kutoka 23:12 na Luka 13:15. Je, Sabato inamhusu mnyama kwa namna gani?

Tunaisoma amri ya nne mara nyingi, lakini twaweza kupita haraka mahali inapowataja wanyama. Katika Kumbukumbu la Torati, ng'ombe na punda wanatajwa kwa majina yao. Kutoka 23:12 inakwenda mbali zaidi na kueleza kwamba siku ya saba watu wanaacha kazi ili ng'ombe na punda wapate kupumzika. Mungu hakusema wapumzike wale tu wanaofaa kwa kazi ya kesho. Pumziko la Sabato ni zawadi, na zawadi haipimwi kwa faida.

Neno hili linagusa maisha yetu. Wapo wanaokwenda kanisani asubuhi ya Sabato huku maksai wao wakilima shambani kwa jirani kwa malipo. Mwenye maksai hakushika jembe, na fedha itapokelewa Jumapili. Lakini amri haikusema tu kwamba wewe usifanye kazi. Ilimtaja na mnyama wako. Maksai aliyekodishwa siku ya Sabato anavunjiwa pumziko ambalo Muumba alimpa. Maksai mzee ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa viungo vyake vinahitaji siku ile kuliko vya maksai kijana.

Upo upande wa pili pia. Familia inatoka nyumbani asubuhi, inahudhuria Shule ya Sabato, ibada kuu na mkutano wa mchana, na kurudi jua linapotua. Mnyama aliyefungwa ameshinda bila maji. Yesu alimkumbusha mkuu wa sinagogi na wenzake kwamba kila mmoja wao, siku ya Sabato, humfungua ng'ombe wake au punda wake na kumpeleka kunywa maji. Hakuwalaumu kwa kufanya hivyo. Aliuchukua wema huo kuwa jambo linalojulikana na kila mtu, kisha akautumia kueleza kwa nini ilifaa kumfungua binti wa Ibrahimu aliyekuwa amefungwa kwa ugonjwa miaka kumi na minane. Kumnywesha mnyama mzee siku ya Sabato hakuivunji Sabato, bali ni sehemu ya kuitunza.

Soma pia Kumbukumbu la Torati 25:4. Ng'ombe anayepura nafaka hapaswi kufungwa kinywa. Anayefanya kazi anastahili kuionja kazi yake. Paulo alilitumia fungu hili kuwatetea watumishi wa Injili (1 Wakorintho 9:9, 10, 1 Timotheo 5:18). Kama kanuni hiyo inamfaa mtumishi wa Mungu, tusidhani kwamba haimfai tena ng'ombe mwenyewe. Aliyelima mashamba yetu misimu minane ameshiriki katika mavuno yote. Akipewa gunia la pumba katika uzee wake, anapokea haki yake.

Ijumaa hii, kabla jua halijatua, panga ni nani atawanywesha wanyama siku ya Sabato na saa ngapi. Je, mpango huo unawaachia watoto wote nafasi ya kuhudhuria ibada, au kuna mtoto mmoja anayebaki nyumbani kila juma?

JUMATANO

Swali la Punda

Soma Hesabu 22:21–33. Je, punda alimkumbusha Balaamu jambo gani, na kwa nini jambo hilo lilikuwa na uzito?

Balaamu alikuwa na haraka ya kufikia heshima na malipo ya Balaki. Punda wake alimwona malaika wa BWANA njiani, naye nabii hakumwona. Mara tatu punda alikwepa, na mara tatu alipigwa. Kisha BWANA akamfungua kinywa.

Punda hakuhubiri wala kutabiri. Aliuliza amekosa nini hata apigwe mara tatu. Balaamu alipojibu kwa hasira, punda alimkumbusha historia yao: kwamba ni punda wake, ambaye amempanda tangu alipokuwa wake hata siku hiyo. Akamuuliza kama amewahi kuwa na tabia ya kumtenda hivyo. Balaamu alilazimika kukiri kwamba hapana. Kisha malaika naye aliuliza swali lilelile: kwa nini umempiga punda wako mara tatu? Mbingu zilichukua upande wa mnyama. Malaika aliongeza kwamba kama punda asingekwepa, Balaamu angeuawa na punda angeachwa hai.

Kosa la Balaamu lilikuwa kusahau. Utumishi wa miaka mingi ulifutika kwa mwendo mmoja wa kukwepa. Nasi tunaweza kusahau vivyo hivyo. Maksai aliyekuwa akijua kugeuka mwisho wa tuta bila kuambiwa sasa anasimama katikati ya shamba, na fimbo inapanda. Punda aliyepanda kilima kila siku sasa analala chini na mzigo. Kabla ya kupiga, uliza swali la punda: amekuwa na tabia hii siku zote? Kama sivyo, huenda kuna jambo analolihisi ambalo wewe hulioni, kama kidonda chini ya nira, kwato iliyopasuka, au moyo uliochoka.

Ellen G. White, katika kitabu Wazee na Manabii, anaeleza kwamba tabia ya kuwatesa wanadamu au wanyama inatoka kwa Shetani. Anaonya pia kwamba watu hudhani ukatili wao hautajulikana kwa kuwa mnyama hawezi kusema, ilhali malaika anasimama kama shahidi, na taarifa inaandikwa mbinguni.

Sheria za wanadamu nazo zimeanza kuliona jambo hili. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa wanyama. Mwezi Februari 2024, viongozi wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kusitisha katika bara zima uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi, ambazo huchemshwa kutengeneza dawa ya asili inayouzwa hasa China. Punda jike hubeba mimba kwa takribani mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Hivyo punda hawaongezeki upesi wakichinjwa kwa wingi. Wanaoumia kwanza ni wanawake na watoto, ambao wangebeba maji vichwani kama punda wasingekuwapo. Aliyemwondolea mama mzigo kwa miaka mingi asipewe fimbo kuwa pensheni yake.

Ni lini mara ya mwisho ulimkasirikia mnyama, au mtu mzee, kwa jambo ambalo hakuwa tena na nguvu ya kulifanya? Ungeuliza nini kabla ya kukasirika?

ALHAMISI

Siku za Mwisho, na Siku Zijazo

Soma 2 Samweli 12:1–4, Isaya 46:1–4 na Warumi 8:19–23. Je, mafungu haya yanatupa mwanga gani kwa ajili ya mwisho wa maisha ya mnyama?

Nathani alipotaka kuufikia moyo wa Daudi, alimsimulia habari za maskini mwenye mwana-kondoo mmoja. Kondoo huyo alikua pamoja na watoto wa nyumbani, alikula chakula cha bwana wake, alikunywa katika kikombe chake, na kulala kifuani pake kama binti. Daudi, aliyekuwa mchungaji tangu ujana, hakucheka aliposikia. Alikasirika kwa haki. Biblia haimdharau mtu anayempenda mnyama wake. Kwa hiyo mtoto anayelia mbwa wa nyumbani akifa asiambiwe anyamaze kwa kuwa ni mbwa tu. Keti naye. Msikilize. Hapo ndipo anapojifunza kwamba kifo ni adui na kwamba Mungu ataliondoa jambo hili.

Lakini familia nyingi zinakabiliwa na uamuzi mgumu zaidi. Maksai amezeeka, kiangazi kimekaza, na ada ya shule inadaiwa. Je, ni dhambi kumuuza? Maandiko hayakatazi kuuza wala kuchinja mnyama aliye safi. Mwenye familia asiyetunza watu wa nyumbani mwake hasifiwi kwa kuwa alimhifadhi ng'ombe. Hata hivyo Mithali 12:10 inaendelea kutushika hadi siku hiyo. Muuze mapema, angali na nguvu za kusimama, kuliko kumngoja aanguke. Muuze karibu na nyumbani ikiwezekana, kuliko kumpakia ndani ya lori kwa safari ndefu hadi mnada wa Pugu jijini Dar es Salaam, akiwa hana nguvu za kustahimili msongamano na kiu. Mwambie mnunuzi ukweli kuhusu ugonjwa wake, na kama amechomwa dawa, usimtoe kwa nyama kabla ya muda uliotajwa na mtaalamu wa mifugo kwisha. Akichinjwa, achinjwe na mtu anayeijua kazi, kwa kisu kikali na kwa haraka. Jambo ambalo mwenye haki halifanyi ni kumwacha porini afe kwa kiu na fisi, ili yeye asione.

Kwa mbwa mzee hakuna mnada, na hapo ndipo wengi humfukuza au kumwekea sumu. Mwite mtaalamu wa mifugo wa kata. Kama maumivu hayatibiki, yeye ndiye wa kushauri namna ya kuyamaliza bila mateso. Nyumba zilizo mbali na huduma hiyo bado zinaweza kumpa kivuli, maji, uji, na mkono wa mtu anayemfahamu. Hekima nayo ihusike. Mbwa akibadilika tabia ghafla, akitoka mate mengi, akishindwa kumeza au akishambulia bila sababu, usidhani ni uzee tu. Huenda ni kichaa cha mbwa. Jitenge naye na utoe taarifa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kuchelewa. Mchanje mbwa wako kila chanjo inapofika kijijini, hata akiwa mzee.

Isaya 46 inachora picha mbili. Miungu ya Babeli imepakiwa juu ya wanyama waliochoka, nao wanainama chini ya mzigo. Mungu wa Israeli hapakiwi. Yeye ndiye anayewabeba watu wake tangu tumboni, na anaahidi kuwabeba hata uzee na hata mvi. Tunamwabudu Mungu asiyewatupa waliozeeka. Mtu aliyebebwa hivyo anawezaje kumtupa aliyembeba yeye?

Biblia haituambii kama mnyama fulani tuliyempenda tutamwona tena, wala hatupaswi kuahidi ambacho Mungu hakuahidi. Lakini inatuambia kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja hata sasa, na kwamba vinangoja siku ya kuwekwa huru. Tunapokaa kando ya mnyama anayehema kwa taabu, tunasikia sehemu ya kuugua huko, na tunajua kwamba Muumba anakusikia pia.

Ungependa watoto wako wajifunze nini kwa kutazama jinsi unavyoagana na mnyama aliyeitumikia nyumba yenu?

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi: Soma tena sura ya Balaamu katika kitabu Wazee na Manabii cha Ellen G. White. Soma pia Zaburi 36:6, Zaburi 104 na Yona 4:11. Katika mazungumzo ya mwisho na Yona, Mungu alipoeleza kwa nini anaihurumia Ninawi, aliwataja watu wengi wasioweza kupambanua, na mara akataja wanyama wengi pia. Yona alikuwa amekasirika kwa ajili ya mmea uliomtilia kivuli. Mungu alikuwa akiutazama mji mzima, pamoja na mazizi yake.

Juma hili tumeona kwamba haki inaanza kwa kujua, inatembea kwa mwendo wa aliye dhaifu, inatunza pumziko, inakumbuka utumishi wa jana, na haikimbii siku ya mwisho. Mtu akijifunza mambo hayo zizini, atayahitaji pia ndani ya nyumba. Mama mkwe asiyesikia vizuri, babu anayerudia habari ileile, mzee wa kanisa ambaye hawezi tena kutembea hadi kanisani: nao wanatungoja tuwe pamoja nao. Itakuwa aibu kubwa tukimtengea ng'ombe pumba huku mzazi wetu akilala na njaa. Itakuwa vigumu pia kuamini kwamba mkono unaompiga maksai mzee asubuhi utakuwa mpole kwa mzazi jioni.

Maswali ya Kujadili:

1. Familia moja ina maksai aliyelima kwao zaidi ya miaka kumi. Sasa hawezi tena kuvuta jembe. Mtoto wa kwanza amechaguliwa kwenda sekondari na fedha hazipo. Baba anataka kumuuza maksai; watoto wanalia. Darasa lenu lingewashauri nini, na kwa mafungu gani? Ni jambo gani lifanyike kwa maksai huyo kabla na wakati wa kuuzwa?

2. Mshiriki anasema: "Mimi sikufanya kazi siku ya Sabato, maksai wangu ndio walikodishwa." Mngemjibuje kwa upendo kutoka Kumbukumbu la Torati 5:14? Je, kanisa linaweza kumsaidiaje kama anategemea fedha hiyo?

3. Kwa nini Mungu alitumia kinywa cha punda aliyetumika kwa muda mrefu kumrekebisha nabii? Hilo linatufundisha nini kuhusu watu na viumbe ambao tumeacha kuwasikiliza?

4. Wengine wanaogopa kwamba kujali sana wanyama kutawapunguzia upendo kwa wanadamu. Wengine wanasema upendo wa namna moja hulea wa namna nyingine. Je, mfano wa Yakobo katika Mwanzo 33:12–14 unasema nini katika jambo hili?

5. Kanisa lenu linaweza kufanya nini mwaka huu kwa ajili ya wanyama wa jamii inayolizunguka: kuhimiza chanjo ya mbwa, kumwalika ofisa mifugo azungumze na vijana, kusaidia kutunza ngitili ya kijiji? Chagueni jambo moja, mtaje nani atalisimamia, na muanze juma lijalo.